Somo la Kikundi: Tuchore Ramani ya Mashamba Yanayomezwa na Mji



Somo la mara hii ni la kufanyiwa chini, juu ya mchanga, si la kusomwa tu na kuwekwa kando. Katibu alisome kwanza peke yake nyumbani, kisha awasomee wenzake polepole. Litachukua mikutano miwili, pengine mitatu. Msilikimbize. Vifaa ni majivu, vijiti, punje za mahindi na za maharagwe, mawe madogo na vizibo vya soda. Basi. Baadaye mtahitaji karatasi mbili za manila na kalamu ya wino mzito.

Tunataka kuchora mashamba yalivyokuwa zamani na yalivyo sasa, ili tuone kwa macho mji unafanya nini na sisi tunafanya nini. Mfano wetu ni Nairobi.

Najua kuna mtu atauliza, "Sisi ni watu wa kijijini, habari ya kilimo cha Nairobi inatuhusu nini?" Inatuhusu kwa njia tatu. Kwanza, vikundi vingi vinavyosoma jarida hili viko Kiambu, Machakos na Kajiado, na huko siku hizi si rahisi kusema kijiji kinaishia wapi na mji unaanzia wapi. Pili, dada zetu na watoto wetu wako Nairobi, na wengi wao wanalima huko, kando ya mto au nyuma ya nyumba, hata kama hawatuambii. Tatu, miji midogo inafuata nyayo za ule mkubwa. Yaliyotokea Kasarani miaka thelathini iliyopita ndiyo yanayotokea leo pembeni mwa soko lenu.

NAIROBI ILIVYOKUA

Mwaka wa 1963 mpaka wa Nairobi ulisogezwa nje sana, mji ukawa na kilomita za mraba karibu 690. Humo ndani kulikuwa na mbuga ya wanyama, kulikuwa na mashamba ya walowezi, na kulikuwa na vijiji vizima vya wakulima. Watu wa Dagoretti, kwa mfano, walikuwa sehemu ya Kiambu. Walilala wakulima wa Kiambu, wakaamka watu wa jiji, na ng'ombe wao zizini na viazi vyao shambani. Hawa hawakwenda mjini, mji ndio uliwafuata. Ndiyo maana mpaka leo ukipita Waithaka au Uthiru utakuta nyasi ya nepia imepandwa kati ya nyumba za kukodisha.

Sasa tazameni hesabu ya watu. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Mwaka 1979 walikuwa 827,775. Mwaka 1989 walikuwa 1,324,570. Mwaka 1999 walifika 2,143,254, mwaka 2009 wakawa 3,138,369, na mwaka 2019 wakawa 4,397,073. Kwa miaka hamsini wameongezeka zaidi ya mara nane, na ardhi haikuongezeka hata futi moja. Katibu, waandikie hesabu hizi ubaoni au chini, moja chini ya nyingine, ili kila mtu azione.

Jirani nao wamejaa. Kati ya 2009 na 2019 Kiambu ilitoka watu 1,623,282 hadi 2,417,735, na Kajiado ikatoka 687,312 hadi 1,117,840. Hawa hawakuzaliwa wote huko. Wengi ni watu wanaofanya kazi Nairobi na kulala nje, kwa sababu kodi ni nafuu au kwa sababu wamenunua ploti.

WATU WA MJINI WANALIMA KWELI?

Mwaka 1985 Taasisi ya Mazingira, Mazingira Institute, ilifanya uchunguzi katika miji sita ya Kenya na kutoa ripoti yake mwaka 1987. Iliona kwamba katika Nairobi, kati ya kila nyumba mia moja, ishirini zilikuwa zinapanda chakula ndani ya jiji lenyewe. Mwaka 1991 msomi mmoja wa Kanada, Donald Freeman, alitoa kitabu kizima juu ya wanaolima viwanja vya wazi vya Nairobi, na wengi wa aliowahoji walikuwa akina mama. Walilima ili watoto wale, si ili watajirike. Kuuza kulikuja baadaye, na kidogo.

Wakati huo wote sheria ndogo za baraza la jiji zilikuwa kinyume nao. Wenye umri wangu wanakumbuka askari wa kanjo wakifyeka mahindi yaliyokaribia kukomaa, wengine wakisema mahindi yanaficha wezi, wengine wakisema yanaleta mbu. Ilikuwa hivyo miaka mingi. Baada ya Katiba ya 2010 na serikali za kaunti, Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Kwa hiyo leo mtu wa jiji akilima si mhalifu kwa sababu tu analima. Lakini sheria haimpi ardhi, na shida yenyewe iko hapo.

MASHAMBA YAMEHAMA

Tukisema kilimo cha mjini kimebadilika, tusifikiri kimekwisha. Kimehama, na kimebadilika sura.

Zamani kulikuwa na nafasi kubwa zilizoachwa wazi: kando ya reli, chini ya nyaya za stima, kando ya barabara, viwanja vya serikali vilivyongoja shule au hospitali. Akina mama walilima hapo. Miaka ya 1990 viwanja vingi vya umma viligawiwa watu binafsi, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jambo hilo kwa urefu. Mnakumbuka pia vita vya msitu wa Karura mwaka 1998 na 1999, ambapo Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakipanda miti. Msitu uliokolewa. Viwanja vidogo vya mahindi havikuwa na profesa wa kuvitetea, vikaenda kimya kimya.

Kisha zikaja barabara. Barabara ya Thika ilipanuliwa, ikafunguliwa mwaka 2012, na kutoka Roysambu hadi Ruiru na kupita, mashamba ya kahawa yakageuka kuwa mitaa. Majina yamebaki, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, lakini mtoto wa huko leo kahawa anaijulia kwenye kikombe. Katika mitaa ya wenye nacho nyumba moja yenye ua mkubwa imebomolewa na mahali pake pamesimama ghorofa ya watu themanini. Ule ua ulikuwa na migomba, na mlinzi alikuwa na vitalu vyake vya mboga nyuma. Hivyo navyo vimekwenda, ingawa hakuna aliyevihesabu kuwa shamba.

Aliyesukumwa akaenda mtoni. Kando ya mto Nairobi, mto Ngong na mto Mathare kuna nduma, sukuma wiki, nepia na miwa. Huko pia si salama. Kanuni zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, mita 6 hadi 30 kulingana na mto wenyewe. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalibeba watu na mali, na baada yake serikali ikaamuru waliokuwa kandokando wahame, nyumba zikabomolewa Mathare na kwingine. Mwenye bustani huko alipoteza mara mbili, maji yalichukua udongo, halafu nafasi ikachukuliwa.

Na aliyekosa hata ukingo wa mto alipanda ndani ya gunia. Kibera na Mathare jambo hili lilienea sana baada ya ghasia za uchaguzi za mwanzo wa 2008, chakula kilipokuwa taabu, na mashirika ya misaada yakagawa miche. Unaweka nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yashuke, unajaza udongo na samadi pembeni, unatoboa matundu ubavuni, unapanda sukuma wiki juu na pembeni. Gunia moja huchukua miche thelathini hivi. Ni shamba la mtu asiye na shamba. Hata nyinyi wa kijijini mnaweza kuliweka karibu na mlango wa jikoni, maji ya kuoshea mboga yasipotee bure.

SASA TUCHORE

Njia hii ya kuchora na wanakijiji wenyewe si ngeni kwetu. Ilitumiwa Machakos mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wetu tuliosomea kazi ya maendeleo tulifundishwa kwayo. Msiogope kwamba hamjui kuchora. Hatutafuti mchoro mzuri.

Tafuteni uwanja ulio wazi. Akina mama wachore peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao ikiwezekana, kisha mtembeleane. Mtacheka, lakini pia mtajifunza. Mara nyingi nimeona wanaume wanaanza na barabara, mipaka na bikoni. Akina mama wanaanza na kisima, njia ya kuni na mahali mboga zinapokauka mwisho. Eneo ni lile lile.

Anzeni na vitu visivyohama: mto, ukingo, kanisa, mti mkubwa wa zamani, reli. Vipigeni kwa majivu. Halafu rudieni mchoro huo huo mara tatu, ubavu kwa ubavu, kila mmoja kwa wakati wake. Usiwaulize watu, "Mwaka 1997 palikuwaje?" maana hakuna anayekumbuka hivyo. Uliza, "Wakati wa mvua ya Elininyo, hapa palikuwa nini?" Kwa vikundi vingi nyakati zinazofaa ni njaa ya 1984, Elininyo ya 1997 na 1998, na korona ya 2020. Nyanya na babu ndio walimu kwa mchoro wa kwanza, tafadhali vijana wasiwakatize.

Kisha jazeni alama. Punje ya hindi ni shamba la mahindi. Punje ya haragwe ni bustani ya mboga. Jiwe ni nyumba ya kukodisha. Na kizibo cha soda ni ploti iliyopimwa na kuwekwa bikoni lakini haijajengwa.

Alama hiyo ya nne msiiache. Ndiyo inayoonyesha kesho. Shamba lililokwisha uzwa linaweza kukaa miaka kumi likiwa na nyasi au mahindi ya mtu mwingine, na mpita njia akasema, "Aa, huku bado ni shamba." Si shamba tena. Mwenyewe yuko Nairobi au ng'ambo, anangoja bei ipande.

Siku hizi kijana mwenye simu nzuri atawaambia hakuna haja ya majivu, picha za setelaiti zipo. Ni kweli, na mzitumie. Setelaiti za Landsat zimepiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo ni za bure. Ukiweka picha ya zamani na ya sasa pamoja utaona Nairobi imetambaa kama mafuta yaliyomwagika kwenye karatasi. Ramani za karatasi nazo zinauzwa na idara ya upimaji, Survey of Kenya, Ruaraka. Lakini mjue picha hizo zinaona nini na haziwezi kuona nini. Katika picha za kawaida za Landsat, kila nukta ni mraba wa mita 30 kwa 30. Ploti yetu ya kawaida ya futi 50 kwa 100 ni kama nusu tu ya mraba huo. Kitalu cha mboga cha mama fulani nyuma ya choo hakimo. Gunia halimo. Hata setelaiti mpya zinazoona mita 10 kwa 10 haziwezi kujua kama yale majani mabichi ni sukuma wiki au ni magugu yanayongoja mjengo.

Na haziwezi kabisa kujua mahindi ni ya nani. Kwa hiyo mkimaliza alama, zungukeni tena na kuuliza juu ya kila shamba: anayelima hapa analima kwa haki gani? Kuna anayelima lake. Kuna anayekodi kwa msimu. Kuna anayelima kwa ruhusa tu, kwa mfano mwenye ploti kamwambia, "Mama, lima hapa, unilindie bikoni zisihamishwe." Na kuna anayelima bila kumwuliza mtu. Wekeni majani ya rangi tofauti, au mchore mstari mmoja, miwili, mitatu, minne. Vikundi vingi hushangaa hapo. Unakuta zaidi ya walivyofikiri wanalima kwa ruhusa, na ruhusa huisha siku lori la kwanza la mawe linapofika. Aliyepanda migomba na parachichi kwenye ploti ya ruhusa amempandia mwingine. Heri mboga za miezi miwili.

Baada ya kuchora, tembeeni. Chagueni mstari mmoja kutoka juu ukingoni hadi mtoni, mwende pamoja mkilinganisha. Kupima ekari, hatua ndefu sabini kwa sabini zinatosha. Halafu ndipo mnakili kwenye manila.

VIZIBO VITATU

Nakumbuka kikundi kimoja upande wa mashariki ya jiji, karibu na mpaka wa Machakos. Tulikuwa tumekaa chini ya mti, ramani ya tatu ilikuwa karibu kwisha. Mama mmoja wa makamo, mtu wa kimya, akainama akaweka vizibo vitatu juu ya kipande ambacho wenzake wote walijua ni cha mume wake. Hakusema kitu. Mkutano ukanyamaza. Mwishowe nyanya mmoja akamwuliza pole pole, "Mwanangu, lini?" Akajibu, "Mwezi wa tatu." Hata yeye mwenyewe alikuwa ameona bikoni kabla ya kuambiwa.

Mimi nilitaka tupumzike tunywe chai. Lakini yule nyanya alikuwa anaendelea kutazama chini. Akachukua kijiti, akafuata mfereji wa maji kutoka juu, ukapita katikati ya vile vizibo vitatu, ukaenda bustani za chini. Akahesabu bustani nane. Hapo ndipo jambo la nyumba moja likawa jambo la kikundi. Mnunuzi akizungusha ukuta, bustani nane hazina maji.

Hawakwenda kumlaumu mume wa mtu. Walimtafuta mnunuzi, wakaenda kwake watu wanne na ile karatasi ya manila, wakamwonyesha mfereji. Akakubali kuacha futi nne za njia ya maji pembeni, na wakaandikiana mbele ya naibu wa chifu. Naandika hivi si kwa kusema kila mnunuzi ni mwema. Kikundi kingine kilienda kwa mtu wao, ukuta ukapanda hata hivyo. Lakini walienda baada ya ukuta kuanza. Wa kwanza walienda kabla.

KOSA LANGU

Lazima niwaambie na hili, maana ramani si kitu cha kuchezea. Miaka kadhaa iliyopita niliwasaidia akina mama waliokuwa wakilima kando ya mto ndani ya jiji. Tulichora vizuri, kila kitalu na jina la mwenyewe. Nikafikiri tukipeleka ramani kwenye ofisi moja inayohusika, watatambuliwa na kupewa ruhusa. Nilibeba mwenyewe, nikaacha nakala mezani. Baada ya miezi michache wakaja vijana na mapanga, sukuma wiki yote ikafyekwa, na wakawa wanaita watu kwa majina.

Hakuna aliyethibitisha kwamba ni ile nakala iliyowaleta. Lakini akina mama waliniuliza swali moja tu: "Majina yetu waliyapata wapi?" Sikuwa na jibu la kuwapa, na kikundi kile hakikuniita tena.

Tangu siku hiyo nina masharti matatu. Ramani ya kwanza inakaa na kikundi, si kwa mfanyakazi wa jamii, si kwa paroko, si kwa mfadhili. Inayotoka nje haina majina, na haionyeshi haki ya mtu mmoja mmoja. Na kabla ya kuchora, kikundi kizima kikubaliane ni nani ataonyeshwa na kwa sababu gani. Broka wa ploti naye angependa sana kuona ramani yenu. Inamwambia ni nani ana shida.

HESABU YA GUNIA

Ekari moja ya mahindi, mvua ikiwa nzuri na mbolea ikiwepo, inaweza kutoa magunia kumi ya kilo 90. Nyinyi mnajua yenu, tumieni yenu. Ekari hukatwa ploti nane za 50 kwa 100. Kwa hiyo kila ploti ni gunia moja na robo. Mtu mmoja katika nchi yetu hula karibu gunia moja la mahindi kwa mwaka. Basi kila kizibo mlichoweka chini ni ugali wa mtu mmoja kwa mwaka, na kidogo juu. Hesabuni vizibo vyote. Halafu hesabuni watoto.

Lakini tusidanganyane. Vyumba vya kukodisha kwenye ploti hiyo hiyo vitaleta pesa kuliko mahindi, na pesa hununua unga. Aliyeuza kwa ajili ya hospitali au karo si mjinga, na mimi sitamhukumu. Swali langu ni lingine: pesa ilikaa wapi? Aliyeuza ploti moja akajenga vyumba kwenye nyingine bado ana kitu. Aliyeuza akanunua pikipiki mbili, na zote sasa zimelala nyuma ya nyumba bila injini, amekula shamba. Nyote mna mifano, hamna haja ya yangu.

Hapa someni 1 Wafalme sura ya 21, habari ya Nabothi. Nimewahi kuisoma mara nyingi bila kuona jambo moja dogo: mfalme Ahabu alilitaka lile shamba la mizabibu ili aligeuze bustani ya mboga, kwa vile lilikuwa karibu na nyumba yake. Na mwanzoni hakuja na upanga, alikuja na bei nzuri. Jadilianeni kwa nini Nabothi alikataa, na kama leo angekuwa na watoto watatu sekondari angejibu nini.

Upande wa sheria, ardhi ya kilimo haiuzwi wala haikatwi bila kibali cha Bodi ya Ardhi, na sheria inataka mke au mume akubali kabla nyumba na shamba la familia kuuzwa. Bodi nyingi hutaka mke na watoto wakubwa wafike wenyewe. Akina mama, msitie kidole kwenye karatasi msiyosomewa. Yule mama wa vizibo vitatu hakuwa amefika mbele ya bodi yoyote.

MAJI MACHAFU

Neno kidogo juu ya afya, kwa wenye jamaa wanaolima Nairobi na kwa sisi tunaonunua mboga huko. Maji ya bomba ni ghali, kwa hiyo wengine hulimia maji taka. Kule Maili Saba, karibu na Njiru, na sehemu za Kibera, watu wamekuwa wakiziba mfereji mkuu wa maji taka ili yafurike shambani. Mboga hustawi sana, na hapo ndipo mtego. Kuna mayai ya minyoo, na hayo moto huyaua, kwa hiyo mboga za kupikwa zina nafuu kuliko nyanya na dania za kuliwa mbichi. Lakini madini kama risasi, yanayotoka viwandani na majalalani, hayafi kwa kupikwa. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa matokeo ya kupima watoto 328 wa karibu na jalala la Dandora. Karibu nusu walikuwa na risasi nyingi mno katika damu. Kwenye ramani yenu wekeni alama ya maji pia: safi, ya mvua, ya mto, taka. Anayelima chini ya gereji au jalala apande maua au miche ya miti ya kuuza, si mboga za watoto.

MASWALI YA MKUTANO WA PILI

Kati ya ramani ya pili na ya tatu, ni kitu gani kilichotoweka ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja kabla ya kuchora?

Ni nani katika kikundi anayelima kwa ruhusa, na kama lori la mawe likija wiki ijayo, wenzake watamfanyia nini? Msijibu "tutamwombea" peke yake.

Kuna njia ya maji, ya ng'ombe au ya watoto wa shule inayopita ndani ya vizibo? Ni nani atakayekwenda kuongea na mwenye ploti, na lini?

Vijana waulizwe peke yao: mngepewa robo ekari leo, mngelima au mngeuza? Waachwe waseme kweli, na wazee wasikasirike.

Mkimaliza, andikeni tarehe nyuma ya ile manila, pamoja na idadi ya waliokuwepo. Ikunjeni, ifungwe kwa karatasi ya nailoni isiingie maji wala mchwa, na mkubaliane itakaa nyumbani kwa nani mpaka mwakani, mtakapoitandaza tena na kuhesabu vizibo.